Ingia kwa Milango Zaidi ya Mmoja

Jambiani, Unguja

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baba yako kifua kinamsumbua kidogo kwa vumbi la saruji. Bibi yako anakuombea kila akimaliza kusali, na ameniambia nisisahau kukuandikia hilo.

Siku ile uliponipigia ulilia, nami nikakuacha ulie, mpaka salio likaisha sijakwambia nililotaka kukwambia. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ulisema, "Mama, labda Mungu hajapanga niwe muuguzi." Neno hilo limenikaa kifuani tangu Ijumaa. Mwanangu, umeanguka somo moja, anatomia, na mtihani wa marudio, hiyo mnayoiita sapu, uko wiki saba mbele. Usimsemee Mungu asilolisema. Nilipokuuliza husoma saa ngapi ulinijibu, "Nikipata nafasi." Hapo ndipo nilipojua mambo yamekwama wapi, kwa sababu nami niliwahi kukwama hapo hapo.

Mwani ulianza kulimwa kwa biashara hapa kwetu na Paje mwaka 1989. Mimi nilikuwa mtoto, namfuata bibi yako ufukweni nikimbebea tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani. Nilipokuja kuwa na shamba langu mwenyewe, nilitia nia moja tu: watoto wangu wasome kwa pesa ya mwani. Nia ilikuwa safi na dua sikuacha. Lakini mwaka ule uliotakiwa kuingia sekondari, nilifunga kamba zangu zote mahali pamoja, kwenye maji mafupi karibu na pwani, kwa kuwa ndipo pepesi kufika. Ikaja kaskazi na joto lake. Maji yakawa yanachoma miguu ukisimama saa sita mchana. Asubuhi moja ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, nikashuka, nikainua kamba ya kwanza, nikaona ncha za mwani zimegeuka nyeupe kama chumvi. Ukiugusa unakatika, laini kama tambi zilizopitiliza motoni. Kamba ya pili hivyo hivyo. Nilikwenda mpaka ya mwisho nikitafuta hata kichaka kimoja kizima cha mbegu, sikupata. Herini zangu za dhahabu ziliuzwa wiki ile ili upate sare na madaftari. Hukuambiwa wakati ule, ulikuwa mdogo.

Kilichoniuma zaidi si herini. Ni kwamba kaskazi haikunivamia. Kila mwaka inakuja, na inakuja miezi ile ile. Kila mwanamke wa pwani hii anajua kwamba jua lile linaua mwani wa maji mafupi. Nilijua, nikanyamaza, nikasema Mungu ataleta kheri. Nilidhani kuitaja hatari ni kuwa na imani haba.

Kisha darasani kwetu, baada ya Alasiri, ustadhi akatufasiria Surat Yusuf. Nabii Yaaqub, aliyekwishampoteza Yusuf, anawaruhusu wanawe warudi Misri pamoja na mdogo wao. Anawaambia wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Wafasiri wengi husema alihofia jicho la watu. Na katika aya hiyo hiyo anawaambia kwamba yeye hawezi kuwafaa kitu mbele ya Mwenyezi Mungu, hukumu ni Yake, na Kwake ametegemea. Nilimwomba ustadhi airudie. Huyu ni Nabii! Imani yake haipimwi na ya mtu kama mimi, na bado akaona hatari, akaitafutia njia, ndipo akategemea. Mimi nilikuwa nimelishika lile la mwisho peke yake.

Na ndani ya sura hiyo hiyo, Nabii Yusuf anawaeleza watu wa Misri namna ya kuipita miaka saba ya shida. Nafaka waiache katika mashuke yake, ila kidogo cha kula. Hata ile miaka ya njaa itakapokula akiba yote, kuna kidogo kitakachobaki kimehifadhiwa, na wenye elimu wengi wanasema hiyo ndiyo mbegu. Mbegu, mwanangu, katikati ya njaa! Mimi nilikuwa nimekwenda kwa jirani na ndoo tupu kuomba mbegu, kwa hiyo aya ile nilihisi imesomwa kwa ajili yangu.

Tangu mwaka ule nusu ya kamba zangu ziko maji mafupi na nusu nimezisogeza mbele, penye mkondo, ambapo maji hayapati moto sana. Ni mbali, na mara nyingine nafika maji yameshafika kifuani. Kamba nne za mbegu siziuzi hata tajiri akija na bei nzuri. Samaki tafi wakianza kula mwani upande huu, najua nitahamishia wapi. Bado napata hasara. Mwaka juzi masika yaliniloweshea polo tatu, magunia matatu mazima, ya mwani uliokuwa unakauka. Lakini sijarudi tena kwa jirani na ndoo tupu.

Sasa tuje kwako. Kaskazi yako unaijua, kaa uitaje. Shangazi yako anakutuma dukani ukishafungua kitabu, na wewe huwezi kumkatalia kwa heshima, wala sitaki umkatalie. Basi nimempigia mimi. Tumekubaliana kwamba kutoka Alasiri mpaka Magharibi wewe ni wake, uoshe, upike, ubebe watoto. Baada ya Isha ni wa vitabu. Amecheka, akasema mbona hukumwambia mapema. Ukimya wako ndio uliokuumiza hapo.

Umeme ukikatika, utafanya nini? Usinijibu, "Nitaona." Nimekununulia tochi ya kuchaji. Ichaji kila siku umeme ukiwepo, hata kama huihitaji. Ukizidiwa na usingizi, funga kitabu ulale, na saa hizo uzilipe baada ya Alfajiri kabla hujatoka. Simu muachie shangazi yako sebuleni. Na harusi ya binamu yako imeangukia wiki mbili kabla ya mtihani, hilo nalijua kwa kuwa mimi ni mmoja wa wapishi. Utakuja siku ya nikahi, utakula, utarudi jioni ile ile. Wakisema unajidai, niachie mimi maneno hayo.

Lililobaki silijui kama unavyolijua wewe. Kuna kitu katika somo lenyewe kinachokutisha, nilikisikia sautini mwako. Kama ni yale majina ya mifupa, mtafute yule mwenzako aliyefaulu, mwambie wazi hujaelewa. Ukiona haya, kumbuka nilivyosimama mlangoni kwa jirani na ile ndoo. Alinijazia mbegu, akanisindikiza mpaka njiani.

Na usiku kabla hujafungua daftari, isome ile dua niliyokufundisha ulipokuwa ukienda chuoni kwa maalimu, ya kwamba hakuna jepesi ila lile Alilolifanya Yeye jepesi. Isome polepole, ukijua unachoomba. Nami huku naisoma nikiwa ndani ya maji.

Nataka unijibu kwa karatasi. Andika mambo matatu unayoyaogopa katika wiki hizi saba, na mbele ya kila moja uandike utafanya nini likitokea. Mpe dereva wa gari ya asubuhi, huyo huyo atakayekuletea tochi pamoja na pweza mkavu. Usimpe shangazi yako pweza wote, na wewe ule.

Kesho bamvua linaanza. Nitafunga kamba kumi mpya kule penye mkondo, na nimezitenga kwa jina lako. Mwani hukaa kama wiki sita, kwa hiyo Mungu akijaalia nitauvuna na kuuanika kabla hujaingia chumba cha mtihani, na pesa yake ni ya vile viatu vyeupe vya kwendea wodini. Nitumie namba ya mguu wako, nahisi umeongezeka.

Wako akupendaye,
Mama