MAGAZIJUTO inavyowapotosha wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme machache kuhusu MAGAZIJUTO, kifupisho cha mpangilio wa matendo ya hesabu ambacho aliyesoma hisabati katika shule zetu za msingi hukikumbuka hata akisahau mengine yote: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sisemi kifutwe. Ninachopinga ni kukifundisha kama hatua tano zinazopangana moja nyuma ya nyingine, kwa sababu hapo ndipo linapozaliwa kosa ambalo mwanafunzi huingia nalo sekondari.

Tuchukue 10 − 4 + 3. Mwanafunzi anaona JU imeitangulia TO, hivyo anajumlisha 4 na 3, anapata 7, anaitoa katika 10 na kuandika 3. Jibu sahihi ni 9. Muulize mtoto huyo huyo kwa hesabu ya dukani: ulikuwa na shilingi 10,000, ukanunua mchele wa shilingi 4,000, kisha uliyemkopesha akakurudishia 3,000, una shilingi ngapi? Atakujibu 9,000 bila kushika kalamu. Kanuni yenyewe ni kwamba kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, na hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Ndivyo ilivyo pia kwa kuzidisha na kugawanya.

Upande wa GA na ZI kosa hili halionekani, na sababu yake inafaa kuelezwa darasani. Anayegawanya kwanza haharibu kitu: 12 × 6 ÷ 3 ni 24, uwe umeanza na 12 × 6 au na 6 ÷ 3. Anayezidisha kwanza ndiye anayeharibu, kwani 24 ÷ 4 × 2 ni 12, lakini yeye atapata 3. Kwa hiyo herufi za mwanzo zimepangwa kwa namna isiyo na madhara, na za mwisho zimepangwa kwa namna yenye madhara. Kuzigeuza ili kutoa kutangulie kungeondoa kosa hilo, ila katika 3 + 2 − 4 mtoto ambaye hajafundishwa namba hasi angekwama kwenye 2 − 4.

Mabano nayo yana matatizo yake. Katika 10 − (4 + 3) yanatuambia kwamba 4 na 3 zote zinatolewa, na jibu ni 3. Lakini katika aljebra agizo la “mabano kwanza” halitoshi, kwa kuwa ukikutana na 10 − (x − 3) hakuna cha kukokotoa ndani ya mabano. Wengi huyaondoa tu na kuandika 10 − x − 3, yaani 7 − x, ilhali alama ya kutoa iliyo nje hubadili alama ya kila kilichomo ndani, na jibu ni 13 − x. Anayebisha aweke 5 mahali pa x: swali linatoa 8, 13 − x inatoa 8, na 7 − x inatoa 2. Wengine wakiona 4 + 3(x + 2) hukimbilia 7(x + 2), wakisahau kwamba ile 3 imekwisha kufungwa na mabano kwa kuzidisha. Jibu ni 3x + 10.

Kuhusu lile fumbo la 8 ÷ 2(2 + 2) lililozusha ubishi mitandaoni mwaka 2019, wengine wakidai 16 na wengine 1, mimi namlaumu aliyeliandika. Jozi moja zaidi ya mabano ingemaliza ubishi wote.

Kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inabadilika na mwanafunzi anapewa BODMAS, kifupisho cha Kiingereza cha mpangilio huo huo, ambayo nayo inaweka kujumlisha kabla ya kutoa, hivyo kosa la shule ya msingi linapata mahali pa kuendelea kuishi. Nawaomba walimu wa darasa la nne na la tano waandike GA na ZI katika mstari mmoja ubaoni, JU na TO katika mstari mwingine, na chini ya kila mstari wachore mshale unaoelekea kulia. Katika mazoezi, wasiridhike na maswali kama 7 + 5 − 2, ambalo hutoa 10 hata kwa asiyeelewa. Watunge yanayoanza kwa kutoa.

Mwalimu wa hisabati,
Morogoro.