Familia ya mmisionari si ghala la misaada

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na makanisa ya Nyanda za Juu Kusini, hasa ya Mbeya, Songwe na Njombe, yanayochangia ndugu zetu wa bonde la Shire, kusini mwa Malawi. Bonde lile halipumziki. Mafuriko ya Januari 2015, kimbunga Idai Machi 2019, dhoruba Ana Januari 2022, kisha Freddy Machi 2023 kilichoua zaidi ya watu 600 nchini humo. Na mwaka uliofuata ukame, hadi serikali ikatangaza janga la taifa. Kuchanga ni jambo jema. Lipo pia wazo, ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, la kutuma mchungaji au mwinjilisti na mkewe na watoto wakaishi kule miaka miwili mitatu, ili msaada uwe na mtu wa kuusimamia. Ninaloliomba ni moja: mambo ya familia na mambo ya misaada yatenganishwe tangu siku ya kwanza, kwa mahali na kwa fedha. Yakichanganywa, yote mawili huharibika.

Kosa huanzia sebuleni. Shehena ya kwanza inafika usiku, ghala halijakodishwa, magunia yanaingizwa nyumbani kwa mmisionari "kwa siku mbili tu". Siku mbili huwa miezi. Kuanzia hapo watoto wanalala na panya, mama hawezi kukaanga dagaa bila jirani kujiuliza mafuta yametoka wapi, na kila aliyekosa jina kwenye orodha anajua mlango wa kubisha saa nne usiku. Gunia likitoboka likapungua kilo mbili, wa kwanza kushukiwa ni mwenye nyumba. Wezi nao hawahitaji kuelekezwa. Familia nyingi za huduma hurudi kwao kabla ya wakati kwa sababu ya mambo kama haya, na watu huku nyumbani hudhani wamekosa imani.

Ghala likodishwe kabla familia haijavuka mpaka. Liwe na bati lisilovuja, sakafu ya saruji na vichaga vya mbao, na magunia yapangwe nusu mita kutoka ukutani ili mtu apite akague mchwa na unyevu. Mlango uwe na makufuli mawili: ufunguo mmoja kwa mzee wa kanisa la pale, mwingine kwa mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji. Mmisionari asishike hata mmoja. Kila gunia liandikwe kwenye kadi ya ghala, lililoingia, lililotoka na salio, na wakati wa kupokea mzigo lipimwe gunia moja katika kila kumi, maana gunia la kilo 50 lililoshonwa upya mara nyingi lina 47. Chakula cha familia kinunuliwe dukani kama cha mtu mwingine yeyote, kwa risiti. Na pawe na fungu la wageni kwenye bajeti, dogo lakini la wazi, kwa sababu wageni watakuja na hakuna mama wa Kiafrika atakayewaacha waondoke bila kula.

Nikiwa hapo hapo, niseme juu ya mke wa mmisionari. Ndiye anayeandikisha wajane, anayempeleka mjamzito kliniki, anayesikia kwa wanawake wenzake yale ambayo kamati haitaambiwa kamwe: nani kaondolewa kwenye orodha kwa ugomvi wa shamba, nani anadaiwa "ahsante" ili jina lake libaki. Hiyo ni nusu ya kazi. Hata hivyo, katika bajeti zetu nyingi hana hata mstari mmoja. Alipwe posho yake, kwa jina lake.

Afya ya familia isiachiwe bahati. Bonde la Shire lina makaburi ya kutosha kutufundisha. Askofu Charles Mackenzie wa misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, alifika nyanda za juu za Shire mwaka 1861 na kuanzisha kituo Magomero. Januari 1862, akishuka mto kwenda kupokea wenzake, mtumbwi ulipinduka na dawa zote, pamoja na kwinini, zikaenda na maji. Alikufa tarehe 31 mwezi huo kando ya makutano ya Ruo na Shire. Mwenzake Burrup naye akafa baada yake. Wakati huo dada wa askofu na mke wa Burrup walikuwa njiani kuwafuata. Misheni ile ndiyo iliyohamia Zanzibar mwaka 1864, na watu wengi wa pwani wanaijua kwa kanisa lake la Mkunazini bila kujua ilikotoka.

Miaka miwili kabla ya kifo cha Mackenzie, kule Linyanti, karibu na mpaka wa sasa wa Namibia na Botswana, familia mbili za misheni ya London zilifika Februari, wakati mbu wamejaa. Katika miezi michache walikufa Helmore na mkewe, watoto wao wawili kati ya wanne, mke wa Roger Price na mtoto wao mchanga. Price alinusurika. Ndiye aliyekuja Saadani mwaka 1876 kutafuta njia ya magari ya ng'ombe hadi Mpwapwa. Watu wale hawakukosa bidii wala sala. Walifika msimu mbaya, na ule mtumbwi wa Mackenzie ulibeba dawa zote peke yake.

Kwa hiyo familia isivuke kati ya Desemba na Aprili. Iende Mei au Juni, mvua zimekwisha, baridi kidogo, barabara zinapitika. Dawa zigawanywe mafungu mawili yanayosafiri tofauti. Tena makanisa yetu yasijidanganye kwamba Mtanzania amezoea malaria. Mtoto aliyezaliwa Makete au Njombe mjini, ambako mbu wa malaria ni wachache, hana kinga ya kutosha, na akishuka Nsanje, wilaya ya bonde la Shire, mahali pa chini na pa joto kali, ni kama mgeni kutoka Ulaya. Daktari aulizwe kuhusu dawa ya kuzuia kabla ya safari. Doksisaiklini, kwa mfano, haifai kwa mjamzito wala mtoto chini ya miaka minane. Chandarua kimoja kwa watu wawili, kichomekwe chini ya godoro. Homa ipimwe siku hiyo hiyo kwa kipimo cha haraka. Dawa mseto ya ALU ina dozi sita kwa siku tatu: kidonge kimoja kwa mtoto wa kilo 5 hadi 14, viwili kilo 15 hadi 24, vitatu kilo 25 hadi 34, vinne kuanzia kilo 35. Dozi ya pili hutolewa baada ya muda wa saa nane tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili hauifyonzi vizuri. Oktoba na Novemba joto la bondeni hupita nyuzi 40, na dawa nyingi zinataka chini ya 30, kwa hiyo sanduku la dawa likae kwenye chumba chenye kivuli cha mti, si chini ya bati tupu.

Kuhusu maji, kabla ya kukodi nyumba onja kisima. Visima virefu vingi vya Chikwawa na Nsanje vina chumvi, na familia hujikuta ikirudi mtoni, kwenye kichocho na mamba. Maji yakiwa na tope yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa ndipo yawekwe kidonge cha klorini. Kidonge cha miligramu 67 ni cha ndoo ya lita 20, na maji yasinywewe kabla ya nusu saa. Wengi hukosea hapa: hutia kidonge kwenye maji ya tope, klorini inaishia kwenye uchafu, kisha wanasema dawa haifai. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Malawi mwaka 2022 uliua zaidi ya watu 1,700.

Shule nitaitaja kwa ufupi. Muhula wa Malawi huanza Septemba, wa kwetu Januari. Familia yenye mtoto wa darasa la sita au la saba, au kidato cha tatu au cha nne, isubiri amalize mtihani. Ada iwekwe kwenye bajeti ya miaka yote ya huduma, si ya mwaka wa kwanza tu.

Sasa lori la misaada kutoka huku. Najua linavyopendeza kuliombea likiwa limejaa, na bango ubavuni. Lakini tupige hesabu. Mtu mmoja kwa siku anahitaji takriban gramu 400 za unga, 60 za maharage au kunde, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Familia ya watu watano kwa siku 30 ni kilo 60 za unga, kilo 9 za kunde, mafuta kama lita 4 na chumvi robo tatu ya kilo. Jumla kama kilo 73 na nusu. Lori la tani 30 kwa hiyo linalisha familia 400 kwa mwezi mmoja, na hapo hujahesabu uji wa lishe wa watoto chini ya miaka miwili na wajawazito. Kutoka mpaka wa Kasumulu hadi Nsanje ni zaidi ya kilomita 1,000, na mafuta ya gari, ushuru wa barabara, wakala wa forodha na siku za kusubiri mpakani vinakula fedha ambazo zingenunua chakula kule kule.

Isitoshe, mpaka haubebi huruma. Desemba 2023 Malawi ilizuia mahindi yasiyosagwa kutoka Tanzania na Kenya kwa kuhofia ugonjwa wa mahindi wa MLN. Machi 2025 ikazuia unga, mchele, ndizi na tangawizi pamoja na mahindi, na mwezi uliofuata Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Kanisa lililokuwa limepakia magunia wakati huo halikuwa na la kufanya. Tumeni fedha kwa kanisa mwenyeji, na zinunue Mei hadi Julai baada ya mavuno, bei ikiwa chini, chakula kihifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa hadi njaa ya Desemba hadi Machi. Mahindi yahifadhiwe yakiwa makavu, unyevu usizidi asilimia 13 na nusu, yasagwe wiki ya kugawa, maana unga wa dona huchacha upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini. Na gharama ya kusaga ilipwe na mradi. Ukimpa mama mahindi bila fedha ya mashine, atauza sehemu ya mahindi alipe mashine. Nguo za mitumba msipeleke. Blantyre zimejaa sokoni.

Siku ya kugawa iwe mahali pa wazi, shuleni au chini ya mti wa mkutano, kamwe isiwe kanisani baada ya ibada. Kule Mangochi na Machinga Wayao wengi ni Waislamu, na hata bondeni wako wengi wasio wa kanisa lolote. Mtu asilazimike kusikia mahubiri ili apate kunde. Kanuni za maadili za mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinakataza wazi msaada kutumiwa kueneza dini, na nadhani Msamaria wa Luka 10 angezikubali. Anzeni mapema, wenye watoto mgongoni na wazee kwanza, ili wa mbali wafike kwao kabla ya giza. Majina yasomwe hadharani siku mbili kabla, mbele ya chifu.

Juu ya chifu mjue hivi: mkichagua kaya 40 kati ya 120, mara nyingi jioni yake chakula kinakusanywa na kugawanywa upya kwa wote, kila kaya ipate theluthi. Wageni hukasirika wakiona hivyo. Kwao ni njia ya kuzuia ugomvi kwenye kijiji ambacho karibu wote wana njaa. Badala ya kushindana nao, punguzeni idadi ya vijiji, mhudumie kijiji kizima.

Na bajeti isiishie kwenye unga. Maji yakishuka Aprili, mashamba ya kandokando ya mto, wanayoyaita dimba, yanabaki na unyevu wa miezi mitatu hivi. Kilo 10 za mbegu ya mahindi ya muda mfupi zinatosha ekari moja, pamoja na kunde na marando ya viazi vitamu, na mavuno yake yanatoka kabla ya Oktoba. Mbegu hizo ziagizwe Februari, mafuriko yakiwa bado yanaendelea, kwa sababu Aprili kila shirika litakuwa linazitafuta na duka litakuwa tupu.

Mratibu wa misaada ya kanisa,
Mbeya