Kwa vijana wa bodaboda wa Burnt Forest, kabla ya kampeni za 2027

Wajukuu zangu,

Januari 2008 wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mgongoni mwa mama zenu. Nawaandikia mapema, kabla hamjaanza kujaziwa mafuta ya bure na kuvishwa fulana.

Mtaambiwa tulipigana kwa sababu ya kura ya urais ya Desemba 2007. Si kweli. Kule Miteitei, Nandi, watu walifukuzwa mashambani 1991, mwaka mzima na zaidi kabla ya uchaguzi. Likoni, Mombasa, nako damu ilimwagika Agosti 1997, kura ikiwa Desemba. Kiini ni ardhi. Mzungu aliichukua, na alipoondoka haikurudishwa, iliuzwa. Aliyekuwa na pesa, au aliyeingia kwenye kampuni ya kununua mashamba, akapata. Ambaye babu yake alinyang'anywa, akabaki kutazama. Mmoja ana hati, mwingine ana makaburi ya wazee wake. Wote wawili wana lao la kusema, na mwanasiasa anajua hivyo kuliko sisi.

Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, akina mama na watoto walichomwa wakiwa ndani ya kanisa walikokimbilia. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Hapa kwetu duka la jirani liliteketea pamoja na daftari la madeni. Wako waliocheka, eti deni limekwisha. Wiki iliyofuata hapakuwa na wa kutuuzia hata chumvi, na maziwa tulimwaga kwa kukosa lori.

Halafu ikaja 2013. Vigogo waliokuwa kambi mbili zilizochinjana, Uhuru Kenyatta na William Ruto, waligombea kwa tiketi moja, wakashinda. Kesi zao za ghasia hizo katika mahakama ya kimataifa ya The Hague zilikwisha bila yeyote kupatikana na hatia. Jirani yangu mwenye duka hakurudi mpaka leo.

Steji yenu ina Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya na Mkisii, na chama chenu cha akiba ni kimoja. Andikeni kwenye sheria za chama: atakayebeba vikaratasi vya kuwaambia watu wahame, anatoka, awe binamu yako au mtoto wangu mimi. Kikaratasi chenyewe kipelekeni kwa chifu siku hiyo hiyo, mchana, mkiwa kundi lenye makabila yote. Mwenye dai la shamba aende mahakama ya ardhi Eldoret; kesi ikichelewa, ichelewe. Na pesa zinazogawiwa usiku msizipokee, hata kama mnadaiwa pikipiki.

Babu yenu,
Burnt Forest