Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: mchikichi hauzai bila mdudu wake

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Mwandiga. Mimi ni mkulima wa michikichi. Ekari mbili nimerithi kwa marehemu baba, nyingine mbili nimepanda mwenyewe kwa miche ya Tenera, ile mbegu chotara, tangu kampeni ya kufufua zao hili ilipoanza mwaka 2018. Miche tumeipokea kwa shukrani. Ninachokuomba leo ni kwamba kila miche inapogawiwa, mkulima aambiwe pia habari za mdudu anayeifanya izae.

Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele. Ingia shamba lolote la michikichi asubuhi jua likishapanda, utafute ua dume lililofunguka. Harufu yake utaisikia kabla hujaliona, tamu na kali kama shamari. Ukilisogelea utakuta vidudu vya hudhurungi vyenye mdomo mrefu, jamii moja na fukusi wa mahindi, vinatambaa mamia kwa mamia na kujipaka chavua mwili mzima.

Mchikichi mmoja hutoa maua dume na maua jike, lakini kwa zamu. Jike likiwa tayari, dume la mti uleule huwa limeshakauka au bado halijatoka, kwa hiyo chavua lazima iletwe kutoka mti mwingine. Ua jike nalo linapofunguka hutoa harufu inayofanana na ya dume. Mdudu huingia akidhani amefika kwake, akikosa chakula hutoka. Kwa dakika hizo chache alizozunguka humo, mkungu umeshika.

Malaysia walilijua hili kwa gharama. Walichukua mchikichi kutoka Afrika, mdudu wake wakamwacha huku. Kwa miaka mingi mashamba yao yalilipa vibarua wa kuchavusha kwa mkono, ua baada ya ua. Mtaalamu wa wadudu aitwaye Rahman Syed ndiye aliyekwenda Kamerun kuchunguza, akaona kazi yote inafanywa na vidudu hivi. Mwaka 1981 wakaviachilia kwenye mashamba yao, na kazi ile ya mikono ikaisha. Sisi wa Kigoma tunao wachavushaji hawa shambani, hatujawalipia hata senti.

Na tunawaua, Mheshimiwa. Mwaka juzi alikuja mtu kijijini kwetu kuuza dawa na mabomba ya kupulizia, akatuambia mdudu yeyote anayeonekana kwenye ua ni adui. Nilimwamini. Nilipuliza maua dume yote niliyoweza kuyafikia, na jirani zangu wakafanya vivyo hivyo. Mvua ile ilikuwa nzuri, mbolea sikubadilisha. Baada ya miezi kama sita nikaanza kushusha mikungu yenye chikichi za kuhesabu, na katikati yake zimejaa vijitunda vyembamba vilivyodumaa. Nilipasua kimoja kwa kisu, cha pili, cha tatu. Ndani hamna mise, ile kokwa ya chikichi.

Kuna na jambo la maua makavu. Ua dume likishamaliza kazi tunalikata, tunalichoma, majivu yanakwenda kwenye sabuni. Siku moja nilichanja moja kwa panga nikiwa na binti yangu. Kila kijiti tulichovunja kilikuwa na buu mweupe amejikunja ndani, tukahesabu mpaka tukachoka. Humo ndimo mdudu yule anamotaga na kukulia. Ukichoma maua yote makavu ya shamba, umechoma kizazi kinachofuata. Tangu siku ile nayaacha mtini, mengine yakianguka nayaacha chini palepale.

Nimeuchagua mchikichi kwa sababu ndio ninaoujua, ila wadudu wanasaidia hata kwenye maharage, kwenye kahawa ya Kalinzi, na kwa wenzetu wa Kibondo wenye mizinga ya nyuki. Na hata sifa ya mkoa wetu duniani imepita kwa wadudu. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe akichokoa mchwa kwenye kichuguu kwa kijiti cha nyasi. Kabla ya hapo wataalamu waliamini ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Sisi wenyewe mvua za kwanza zikinyesha tunawasha taa usiku, tunatega beseni la maji, asubuhi watoto wanakula kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Ila kichuguu kikitokea shambani tunamwaga dawa bila kuuliza.

Naomba mabwana shamba waagizwe kulifundisha hili siku ileile ya kugawa miche, na walifundishe shambani, mbele ya ua lililofunguka. Halmashauri zitunge sheria ndogo ya kuzuia kupuliza dawa kwenye maua ya michikichi. Wengi wetu tunapanda mahindi katikati ya miche, na viwavijeshi vamizi hawatuachi, kwa hiyo dawa hatuwezi kuikwepa kabisa. Basi ipulizwe jioni, wakati nyuki na wachavushaji wengine wametulia, na upepo ukiwa umelala. Na vile vipande vya msitu vilivyobaki mabondeni visifyekwe kwa jina la kupanua kilimo, kwa sababu wadudu wetu wengi wanaishi humo.

Ukipata nafasi, Mheshimiwa, karibu Mwandiga. Uje saa tatu asubuhi siku isiyo na mvua. Upande wa mashariki wa shamba nina mti mfupi, maua yake yanafikika ukiwa umesimama chini, na binti yangu ameshajitolea kukuonyesha mabuu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima wa michikichi, Mwandiga