Malalamiko kuhusu nyumba iliyouzwa kuwa ya kuokoa umeme

Kwa Meneja Mauzo,
Mwanza.

YAH: FEDHA NILIZOTOZWA KWA AJILI YA MATUMIZI BORA YA NISHATI, NYUMBA NA. 14, BUSWELU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi nilinunua kwenu nyumba tajwa, na katika ukurasa wa tatu wa mkataba mliongeza shilingi 4,800,000 juu ya bei, mkieleza kuwa ni gharama ya kuzuia joto kwenye paa pamoja na hita ya maji ya sola. Sikubishana, kwa sababu anayenunua umeme wa LUKU kila wiki anaielewa hesabu hiyo.

Jumamosi iliyopita, dari ya chumba cha watoto ikiwa bado ya moto saa tatu usiku, nilimwita fundi akapanda juu. Alikuta mabati yamepigiliwa kwenye papi bila kitu chini yake, na karatasi ya kuzuia joto, ile inayong'aa kama fedha, imelazwa juu ya dari ya jipsamu, imefunikwa vumbi la saruji na vipande vya mbao. Karatasi hiyo huzuia joto kwa kurudisha mionzi, ndiyo maana hufungwa chini ya bati na kuachiwa nafasi ya hewa, uso wake ukitazama chini ambako vumbi halitui. Ikishachafuka namna ile, haina kazi. Hapa Mwanza jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, hivyo paa ndilo lililostahili kugharimiwa kwanza.

Hita ya sola haipo kabisa. Iliyopo ni ya umeme, ya kwenye bomba la mvua, wati 5,500. Tuko wanne, na kila mmoja akioga dakika kumi zinakwenda uniti 3.7 kwa siku, ambazo kwa takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi ni zaidi ya shilingi 39,000 kwa mwezi (mama mkwe wangu ameshaamua kuchemsha maji yake kwa mkaa).

Ofisa wenu alinijibu kwa simu kwamba upepo wa ziwa utaipoza nyumba. Upepo wa ziwa haumo kwenye mkataba, wala si kampuni iliyoniuzia.

Naomba ndani ya siku 14 mfunge vitu nilivyolipia, fundi wangu akiwepo, au mnirudishie shilingi 4,800,000 zote. Nimeambatisha picha za darini, nakala ya mkataba na risiti za LUKU za miezi mitatu.

Wenu,
Mnunuzi, Nyumba Na. 14