Mbolea ya ruzuku itufikie kabla ya kupanda

Mhariri,

Naishukuru serikali kwa kushusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500 mwaka 2022, kisha Sh2,500 mwaka uliofuata. Sisi wakulima wa mahindi hapa Trans Nzoia tulipumua.

Lakini bei hiyo inamfaa nini mwenye ekari moja na nusu anayeishi mbali na ghala? Msimu uliopita, ujumbe wa simu wa kuniita nikachukue mbolea ulinifikia nikiwa tayari nimeshalima. Nilipanda bodaboda hadi ghalani, nikakuta foleni imezunguka ua, akina mama wamekalia magunia matupu tangu alfajiri. Jioni tukaambiwa mbolea ya kupandia imekwisha, iliyobaki ni ya kukuzia. Nilirudi mara mbili zaidi, nauli juu ya nauli. Mwishowe nilipanda bila mbolea, na mahindi yakaota ya manjano, membamba kama nyasi.

Naomba mifuko isambazwe hadi kwenye kila wadi kupitia vyama vya ushirika, kufikia Februari, na kila kijiji kitajiwe siku yake ya kuchukua.

Mkulima,
Trans Nzoia