Matusi ya mjomba

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata pamoja na vile vitambaa, Mungu akuzidishie. Sisi huku wazima, ila mvua inatutesa: karafuu twazianika, twazianua, mpaka mikono imechoka.

Nikujibu lile uliloniuliza, maana naona limekukaa. Wasema siku ile ya Idi mjomba alipokufyatulia tusi la nguoni mbele ya wanao, ulirudi Unguja usingizi ukakuruka. Ukaongeza kuwa labda ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake siku zote. Hapo, shoga, sikubaliani nawe hata kidogo.

Mjomba unamjua, katusomesha chuo cha Kurani sote. Mtoto akimtaja vibaya mama wa mwenzake alisimamishwa ukutani mpaka adhuhuri, na mwenyewe akighadhibika sana utamsikia "Lahaula", basi. Kiharusi kimempooza upande wa kulia, mkono na mguu, na maneno yakaenda nao. Muulize jina la mkewe: anakutazama, midomo inahangaika, jasho linamtoka, hakuna kitu. Anaionesha gilasi lakini kusema "maji" hawezi. Mwanzie Alhamdu sasa! Anakwenda nayo mpaka Amin bila ya kukwama. Mwanzie moja, mbili, anafika kumi. Na akiudhika kwa kulikosa neno, ndipo lile linapomtoka, kwa lafdhi kamili, kama utingo wa daladala aliyedhulumiwa nauli.

Majirani washasema yao. Mmoja kasema karogwa, mwengine kasema ana shetani wa kibuki. Mkaza mjomba, maskini, hufunga madirisha joto lote hili watu wasisikie.

Daktari alitueleza, nami nikatafuta nikasoma. Maneno tunayoyapanga wenyewe, kwa wengi wetu hutengenezwa upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko kulikopigwa. Ndiyo maana mwili uliopooza ni wa kulia. Lakini yapo maneno ambayo mtu hayapangi tena. Yamekwisha kuwa kitu kizima, yanatoka yenyewe: dua, hesabu, salamu, nyimbo, na matusi. Haya hutegemea zaidi upande wa kulia na sehemu za ndani kabisa za ubongo, zile za mazoea, woga na hasira. Kwa hivyo Alhamdu na lile tusi vimesalimika kwa pamoja. Najua hapo ulipo unastaghfiru, lakini ndivyo ilivyo.

Wala si yeye wa mwanzo. Mwaka 1861 daktari mmoja wa Ufaransa, Paul Broca, alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka 21 alikuwa hasemi ila "tan, tan", hata hospitali nzima wakamwita Tan. Akikasirishwa tu, likimtoka tusi zima la kulichezea jina la Mungu. Alipokufa, Broca akaukagua ubongo wake, akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Na tazama jambo: yule tusi lake ni la Mungu, watu wa Quebec kule Canada hutukana kwa vyombo vya kanisani, na sisi huku ni mama na maungo yake. Kila watu hutukania kile walichokatazwa sana kukitaja. Sasa waniuliza mjomba kalijulia wapi. Kwani sisi tulilijulia wapi, kama si nyuma ya chuo hichohicho? Na angelimkataza vipi mtoto neno asilolijua?

Nikuchekeshe kidogo. Wiki iliyopita mkaza mjomba alikuwa akikaanga samaki, mafuta yakamrukia kifundoni. Shoga! Likamtoka lilelile, neno kwa neno. Akaziba mdomo kwa upawa. Mjomba kitandani alicheka mpaka akapaliwa, na tangu augue hatukuwa tumemsikia kucheka.

Hata hilo la kutukana mtu akiumia lina sababu yake. Mwaka 2009 Richard Stephens wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, na wenzake waliwatia wanafunzi mikono katika maji ya baridi kali. Walipokuwa wakitukana walistahamili zaidi kuliko walipotamka neno la kawaida. Baadaye, mwaka 2020, yakajaribiwa matusi ya kubuni, yasiyo na maana yoyote, na maumivu hayakupungua. Huenda dawa imo katika kule kukatazwa kwa neno. Ndiyo maana pia mwenye kutukana kutwa haimsaidii sana; wale vijana wa bandarini unaowalalamikia, nadhani wakijikata watalia tu kama wengine. Wao sina la kuwatetea. Wanapanga, wanachagua, na wanaangalia nani anapita.

Kwa mjomba tumepata njia. Kwa kuwa kuimba bado kunawezekana, yapo matibabu yaliyoanza Marekani miaka ya 1970: mgonjwa anafundishwa kuliimba neno asiloweza kulisema. Binti yake mkubwa akachukua mahadhi ya kasida, akatia "nipeni maji" ndani yake, wakawa wanaimba pamoja huku akimgonga kiganja cha kushoto. Juzi usiku kaomba maji peke yake, kwa kuimba. Chai bado inamshinda, na ikimshinda unajua kitakachofuata.

Basi Maulidi njoo na watoto, ila uwaambie mapema kwenye boti, wasimcheke wala wasikimbie. Na uniletee nyuzi za kijani za kufumia kofia, zile nene, huku zimeadimika.

Shogayo